Maalim Lali na Sufuria ya Nadhiri

Wamepokea wazee kutoka kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa lililo sahihi, ya kwamba katika mji wa Siu, zama za waja wema, alikuwako mtu mmoja jina lake Maalim Lali, ambaye siku moja alitema pilau ya watu mbele ya watu.

Alikuwa amealikwa kwenye walima, karamu ya harusi. Pilau yenyewe ilikuwa imepikwa ikapikika, harufu yake imewatangulia wageni hadi njia panda, na sinia lilipotuliwa mbele ya Maalim liling'aa hata akaziona ndevu zake humo. Akapiga bismillahi, akatia tonge la kwanza mdomoni. Kisha, kwa mazoea tu, akagonga ukingo wa sinia kwa kidole. Ting! Sauti nyembamba, safi, yenye kukawia masikioni.

Sasa, Maalim Lali alikuwa mtu aliyetembea. Alikaa Zeila, akakaa Jedda, akahiji, na katika mji wa Zabid alipanga chumba juu ya karakana ya sonara, akalala na kuamka na mlio wa nyundo juu ya fedha. Basi alihesabu kuwa masikio yake yanaitambua fedha kama mama anavyokitambua kilio cha mwanawe. Naye alijua, kama wajuavyo waumini wote, kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amewakataza umma wake kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha.

Akaruka. Lile tonge halikushuka tumboni wala halikutoka kwa adabu. Lilitoka kwa kishindo likatua juu ya kanzu nyeupe ya baba mkwe wa bwana harusi.

"Ndugu zangu, inueni mikono!" akanadi. "Inueni mikono, mnakula ndani ya fedha!"

Mikono yote ikainuka, mingine ikiwa na nyama. Maalim akasimama, akawaidhi. Alikuwa na sauti nzuri ya mawaidha, na siku hiyo aliitumia yote: akawataja wafalme waliopotea kwa anasa, akautaja moto wa Jahanamu utakaotokota matumboni, akafika mahali pa kulia machozi, na machozi yakamtoka kweli. Pilau ikawa inapoa. Ndipo nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mamake bwana harusi, bibi ambaye hakuwa na haja ya kupaza sauti ili asikiwe.

"Mwambieni Maalim aligeuze hilo sinia."

Pilau ikahamishiwa kwenye majani ya mgomba, sinia likageuzwa. Chini yake palikuwa pekundu kwa shaba, pana kutu ya kijani na kiraka cha zamani kilichopigwa misumari.

"Jana nimelipeleka likatiwe kalai," ile sauti ikaendelea, "ili nyinyi mle kwenye kitu cheupe. Ningejua, ningewaandikia kwenye ungo."

Kalai, kwa asiyeijua, ni yale madini meupe ambayo mafundi huyayeyusha wakayapaka ndani ya vyombo vya shaba, kutu isipate kuingia chakulani. Ikiwa mpya hung'aa kama mwezi.

"Lakini ile ting?" Maalim aliuliza, na sauti ya mawaidha ilikuwa imekwisha kuondoka zake.

Kadhi Sheye, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, akamshika mkono kwa upole, akauinua watu wauone. Kwenye kidole alichogongea sinia palikuwa na pete.

"Uliyoisikia, Maalim, ni pete yako."

Wanasema kicheko cha siku ile kiliwatia watu shibe kuliko pilau.

Baada ya hapo mji haukumpa nafasi. Akipita sokoni, muuza majembe alimwita: "Maalim, hebu nitazamie jembe hili lisije likawa dhahabu, nikalima nikapata dhambi!" Akifika kwa muuza maziwa, huambiwa kibuyu ni kibuyu kweli, kimeapishwa. Hata nyumbani kwake mkewe, Mwana Sauda, akimwandalia uji humuuliza, "Utakunywa, mwenzangu, au kwanza tuinue mikono?" Naye, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mcheshi na alikwisha kuwacheka watu wa miji yote aliyopita, alicheka pamoja nao, isingekuwa insafu kukataa. Lakini kicheko cha kuchekwa kina mwiba wake, na ule mwiba ulimkaa. Akaapa moyoni kwamba mambo ya madini basi tena. Hata akioneshwa mlima wa fedha, atasema ni chokaa.

Ikawa mwishoni mwa Shaabani, baada ya sala ya alasiri, Maalim ameketi kwenye daka, baraza ya mlangoni mwa nyumba yake, akisoma, mara akaona chombo kinakuja kikiwa na miguu. Chini ya chombo alikuwa Mwana Jahi.

Mwana Jahi alikuwa mjane, mpishi wa kusifika, mcha Mungu asiyekosa kisimamo cha usiku, na mwenye maneno mengi. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, binti akiitwa Tima, na huyo Tima ndiye aliyekuwa macho yake mawili. Akakitua chombo, akajifuta jasho kwa upindo wa buibui, akasalimu, akajibiwa.

"Maalim, nimekuja na jambo la dini."

"Karibu, Mwana Jahi. La dini nalijua kidogo."

"Na la chombo."

Maalim akafunga kitabu. "La chombo silijui kabisa."

"Nisikilize kwanza. Chombo hiki nilikirithi kwa shangazi yangu aliyekuwa Pate, Mungu amrehemu. Yeye hakupika humu hata siku moja. Alitilia maua ya asumini tu, nami nikakiweka darini vivyo hivyo. Sasa mwaka huu Tima alishikwa na homa, unajua mwenyewe, mlikuja mkamsomea Yasini. Nikatoka chumbani nikilia, nikapanda darini gizani, nikashika kilichokuwa karibu na mkono wangu, kikawa hiki. Nikasema: Ee Mola wangu, ukinirudishia Tima, nitawafuturisha waja wako Ramadhani nzima kwa sufuria hii. Basi, Maalim! Magharibi haijaadhiniwa, mtoto ameomba uji."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Na Ramadhani ndiyo hii, imebakia mlangoni kuvua viatu. Jana nikasema niijaribu sufuria, nikachemsha mayai ya Tima. Moja likapasuka. Tazama lilichofanya." Akakiinamisha chombo. Kwa ndani, upande mmoja, palikuwa na doa jeusi lenye kung'aa kama bawa la kunguru. "Upande huu wa pili nimeusugua. Jivu, mchanga, makumbi ya nazi, hata mkono ukafa ganzi. Sufuria zote nilizosugua maishani mwangu, kalai ikichoka, wekundu wa shaba huchungulia. Hii nasugua, weupe. Nasugua tena, weupe zaidi. Nikaogopa."

Maalim Lali hakugusa chombo. Hakuwa na haja. Yule sonara wa Zabid, kila akitaka kupumzika, alikuwa akipanda juu kunywa kahawa na kulalamika, na lalamiko lake moja lilikuwa hili: kwamba fedha na yai hawapatani. Yai likiigusa fedha, fedha hununa ikawa nyeusi. Kalai haina habari; ivunjie mayai ya kuku wote wa mji, itabaki na weupe wake. Na chombo ambacho kila kikisuguliwa ni kile kile, ndani na nje, hakikupakwa kitu. Hicho ndicho kitu chenyewe.

Akajua. Wanaokisimulia kisa hiki wanalitilia mkazo neno hilo, kwa kuwa ndilo lenye uzito mbele ya Mungu: alijua.

"Niambie ni kalai, Maalim," Mwana Jahi akasema, na sauti yake ikashuka. "Kwa sababu ikiwa ni fedha, haifai kupikia watu. Ikiwa haifai, nadhiri yangu imekufa. Na Yeye alinipa Tima siku ile ile, hakunikawiza. Nitamwambia nini?"

Maalim akafungua mdomo. Huenda angesema kweli, tumdhanie kheri. Lakini wakati ule ule akapita njiani yule muuza majembe, akaona sufuria, akaona Maalim ameikodolea macho, akapasuka kwa kicheko.

"Maalim! Hiyo nayo? Tuinue mikono?"

Na watu wa baraza ya pili wakaitikia, "Inueni mikono!"

Ule mwiba ukachoma.

"Ni kalai," akasema Maalim Lali. "Kalai ya kale. Wazee walikuwa wakipaka nene. Hilo doa ni moshi tu."

Mwana Jahi akapiga kigelegele hapo hapo barazani, akamwombea dua ya umri, dua ya mke, dua ya watoto, dua ya Firdausi, akajitwika sufuria akaondoka akiwa mwepesi kama msichana. Maalim akabaki na kitabu chake akiangalia mstari mmoja. Alijiambia kwamba amemhurumia mjane. Alijiambia hivyo njia nzima ya kwenda kuswali magharibi, na kwa kuwa msikiti haukuwa mbali, ilimbidi ajiambie haraka haraka.

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya Ramadhani mji mzima ulikuwa na furaha ya midomo mikavu. Tangu alasiri harufu ya harisa ilitoka uani kwa Mwana Jahi, ngano na nyama vimepondwa pamoja hata havijulikani tena, samli imo, mdalasini umo, na kila aliyepita alijisahaulisha njia ili apite tena. Ilipoadhiniwa magharibi watu wakafungua kwa tende na maji, wakaswali, wakatoka kwenye ua wa msikiti, wakakaa safu juu ya mikeka. Wapagazi wawili wakaileta sufuria. Mwana Jahi akasimama mlangoni pa ua, mwiko mkononi, Tima amemshika nguo.

Maalim Lali alikuwa amekwisha kuamua kwamba tumbo linamuuma. Alikuwa anajikongoja kuelekea kwenye viatu vyake.

"Maalim asiondoke!" Mwana Jahi akaita. "Bakuli la kwanza ni lake! Nilikuwa nataka kuiacha sufuria hii kwa wasiwasi, yeye ndiye aliyenithibitishia kuwa ni halali. Thawabu hizi nusu ni zake."

Watu wakamvuta, wakamkalisha mbele, karibu na Kadhi Sheye. Akawekewa bakuli la mti, harisa inatoa moshi, shimo la samli katikati kama jicho. Ua wote ukangoja aanze ili nao waanze. Walikuwa na njaa ya siku nzima, na wote wanamtazama yeye.

Inasemekana kwamba mja huyu alisafiri kutoka Siu hadi Hijazi na dhoruba zikamkuta, na wezi wa Zeila wakamvua hadi kilemba, wala hakuogopa kama alivyoliogopa lile bakuli. Akilila, atakula kwa uongo wake. Asipolila akanyamaza, mji mzima utakula kwa uongo wake leo na kesho na mwezi wote, na mjane ataendelea kumwombea Firdausi kila jioni. Na akisema? Akasikia kicheko kabla hakijachekwa. Akamtazama Mwana Jahi, akamwona anavyotabasamu.

Akasimama.

"Ndugu zangu," akasema. "Ndugu zangu, inueni mikono."

Ua ukalipuka. Watu walicheka wakaangukiana. Muuza majembe alilala chali juu ya mkeka. Mmoja akapaza, "Tazama pete, Maalim! Tazama pete!" Mwingine akasema, "Mara hii ameingoja harisa, ana akili zaidi!" Na wengine, kwa kuwa waliona mzaha umekwisha timiza wajibu wake, wakaanza kuchota.

"Wallahi sifanyi mzaha," akasema Maalim. Lakini alikuwa amewachekesha watu miaka mingi, na neno hilo nalo alikwisha kulitumia kuchekeshea. Wakazidi.

Ndipo akavua kilemba chake, akakiweka chini. Kicheko kikapungua, kwa maana hawakupata kumwona Maalim kichwa wazi.

"Siku ile ya walima," akasema, "nilinena jambo nisilolijua, mkanicheka, na haki yenu. Leo ni kinyume. Mama huyu aliniletea chombo chake akaniuliza. Nikaona, nikajua kuwa ni fedha. Nikamwambia ni kalai, kwa sababu nilikuona wewe, muuza majembe, unapita njiani. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa Mungu. Basi chekeni, lakini inueni mikono."

Mikono ikainuka mmoja mmoja, na safari hii hapana aliyecheka.

Kadhi Sheye akaamuru harisa ipakuliwe yote kwenye vyano vya mti, kisha akamwita Badi, sonara wa mji, aliyekuwa safu ya nyuma. Badi akatoa kwenye kibindo jiwe lake jeusi la kupimia, akausugua ukingo wa sufuria juu yake, akausogeza ule mchirizi mweupe kwenye mwanga wa taa. Akaguna. Akasugua mahali pengine. Akageuza sufuria, akasugua kitako.

"Fedha," akasema. "Ndani, nje na chini. Fedha ya kale, safi kuliko ninayoifua mimi, nisamehewe na walionunua kwangu."

Mwana Jahi akaangusha mwiko.

"Ulinitazama usoni, Maalim," akasema polepole. Hilo tu ndilo alilomwambia. Kisha akamgeukia Kadhi, na machozi yakaanza. "Sheikh wangu, nadhiri yangu! Nilisema kwa sufuria hii. Nilisema hii, niliishika. Mungu amenipa mtoto, nami nimempa nini? Chombo cha haramu. Leo siku ya kwanza tu, na nimekwisha kuwa mwongo mbele Yake."

Tima naye, akimwona bibi yake analia, akalia. Watu wakainamisha vichwa. Hata wenye njaa kubwa walisahau vyano.

Kadhi Sheye alikuwa mzee wa kusema kidogo. Akaipapasa sufuria kwa kiganja kama anayempapasa mnyama mpole.

"Mwana Jahi, nikumbushe. Ulisemaje? Neno kwa neno."

"Nilisema, nitawafuturisha waja wako kwa sufuria hii."

"Sufuria."

"Ndiyo, sheikh. Sufuria hii."

"Na sufuria ni nini?"

Mwana Jahi akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Ni... sufuria ni sufuria, sheikh."

"Kwa nini wazee waliita sufuria?"

Maalim Lali alilijua jibu, lakini alikuwa na hekima mpya ya kunyamaza pasipomhusu.

"Waarabu wakisema sufuri wanakusudia shaba," Kadhi akasema. "Sisi tukalichukua neno, tukakiita sufuria chombo cha sufuri. Badi, hiki kina sufuri?"

"Hata chembe, sheikh."

"Basi si sufuria. Mwana Jahi, wewe ulimwahidi Mola wako sufuria, naye anaujua moyo wako kuwa uliikusudia sufuria ya kupikia kama wapikiavyo watu. Mkono wako ndio uliokosea, ukashika kitu kingine gizani. Nadhiri yako iko hai. Haijafa wala haijaugua. Pika kwenye sufuria yoyote ya mji huu, umetimiza."

"Na ya leo, sheikh? Harisa hii?"

"Ngano ina kosa gani? Nyama ina kosa gani? Katazo ni la chombo, na chombo kimekwisha kuondolewa. Wewe uliuliza kabla ya kupika, ukajibiwa, ukafuata. Huna dhambi. Dhambi ni ya aliyejua, naye ameivua pamoja na kilemba chake mbele yetu." Akakisogeza chano karibu naye. "Jambo la pili. Ulikuwa na sufuria kuukuu, sasa una fedha safi uzito wa mtoto. Mpe Badi aipime kwa haki, ununue sufuria za kweli, kubwa, ulishe mji huu Ramadhani hii na zijazo. Na jambo la tatu ni kwamba mimi nimefunga tangu alfajiri."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka tena, na kilikuwa kicheko kingine, cha watu waliotuliwa mzigo. Mwana Jahi akacheka ilhali machozi hayajakauka, akampiga Tima kofi la mapenzi mgongoni, akaokota mwiko. "Kuleni!" akawapigia kelele. "Mnangoja nini? Inapoa! Inueni mikono, kisha muishushe!"

Wakala. Maalim Lali akawekewa bakuli jipya, na kila aliyemaliza lake alikuja kumpigapiga bega. Muuza majembe alikuja akikuna kichwa.

"Maalim, nisamehe. Sikujua kama ninatisha hivyo."

"Hutishi, ndugu yangu," akasema Maalim. "Mimi ndiye mwoga. Lakini punguza sauti."

Badi akaipima fedha kwa haki. Zikaletwa sufuria tatu za shaba kutoka Pate, pana kama mitungi mikubwa ya maji, zikatiwa kalai nene, na iliyobaki Mwana Jahi akamwekea Tima. Mwezi ule Siu haikuwa na maskini wa kufuturu. Watu wa vijiji vya pili walisikia wakaja, wakala, wakarudi wakahadithia, wakaja wengine. Na kila jioni, sahani zikishakwisha, mtu wa kuzisugua zile sufuria kwa jivu na makumbi alikuwa Maalim Lali mwenyewe, kanzu imefungwa kiunoni. Kadhi hakumhukumu hivyo, alijihukumu. Mwana Sauda alitoka siku moja makusudi kwenda kuangalia, akasimama mbali, mikono kiunoni.

"Miaka yote hii nyumbani kwangu," akawaambia wanawake wenzake, "hajakosha hata kikombe. Kumbe ilitakiwa adanganye tu!"

Enyi mnaosoma, tuzingatie. Mja huyu alikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilimfanya kichekesho, wala Mungu hakumwandikia kitu, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema na ujuzi wake ulikuwa wa pete. Kosa la pili lilimpa heshima, dua na bakuli la kwanza, nalo ndilo lililokuwa karibu kumwangamiza. Mwenye akili na ajiulize lipi kati ya hayo mawili angependa kukutwa nalo Siku ya Hesabu. Na ambaye hajapata kuchekwa, amwombe Mola amtayarishe, maana zamu yake inakuja. Ya Rabbi, tujaalie kuwa wepesi wa kurudi.

Husimuliwa pia kwamba siku ya Idi, watu wakipeana mikono, Maalim Lali alimwendea Mwana Jahi kumtaka radhi kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameandaa darasa la baada ya Idi, na ndani yake aliacha nafasi ya maneno ya hekima kutoka kinywani mwa mama huyo mcha Mungu.

"Mwana Jahi," akasema, "jambo moja halijanitoka moyoni. Mji huu una kadhi. Una sonara. Una mafundi wa kalai. Na mimi mwezi ule ule nilikuwa nimeaibika kwa sinia, kila mtu ananicheka. Ni siri gani aliyoitia Mungu katika moyo wako, ukaniletea mimi?"

Mwana Jahi akamtazama, akafikiri kwa dhati, kama inavyompasa mtu aliyeulizwa siku ya Idi.

"Chombo kilikuwa kinaniumiza kichwa, Maalim, na mlango wako ndio wa kwanza."